Tupeane uzoefu: mgongo usiopona, unaishi nao vipi?

Wakuu habari. Mimi ni fundi cherehani, miaka 14 kwenye kiti cha mbao. Huu mwaka wa tatu kiuno kinauma, maumivu yanashuka pajani mpaka unyayoni na kuacha ganzi. Picha ya MRI imeonyesha diski (ule mto laini) kati ya pingili za kiuno L4 na L5 imechomoza, inabana mshipa wa fahamu. Daktari kasema upasuaji bado. Kinachonitesa zaidi ni kazi: sare za shule nilikuwa nashona kumi kwa siku, sasa nne kwa shida. Sindano ikidondoka namsubiri mtoto atoke shule aniokotee. Wenzangu mnafanyaje?

Dereva wa Mbagala
Pole mkuu. Mimi diklofenaki, vidonge vya maumivu, nilikuwa nazitafuna kama karanga, nanunua tu duka la dawa bila cheti. Mwezi wa nane nikapata choo cheusi kama lami. Vidonda vya tumbo vinavuja damu, nikalazwa. Siku hizi kila nikifika mwisho wa ruti nashuka, nazunguka gari mara tatu. Konda ananicheka, acheke.

Mama Pacha
Mimi mama mkwe alinilaza juu ya ubao miezi miwili, eti mgongo upumzike. Nilipoinuka miguu haina nguvu kabisa. Dada wa mazoezi tiba akaniambia kulala ndiko kunanimaliza, nianze kutembea dakika tano, niongeze kidogo kidogo. Kosa langu jingine: siku nikiamka vizuri nafua nguo za nyumba nzima, kisha siku tatu siinuki. Sasa natega simu, dakika 20 kufua, 10 kupumzika, HATA KAMA HAUUMI. Hapo ndipo palinishinda muda mrefu, maana mwanamke kukaa na nguo zimelowekwa, majirani wanaongea.

Mlinzi wa Usiku
Bosi wangu: "mbona unaonekana mzima?" Nikaacha kujieleza. Ila fundi, ukiona mkojo umegoma au ganzi imeingia sehemu za kukalia, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku mbili, na mpaka leo mkojo unanisumbua.

Fundi (mleta mada)
Ahsanteni. Nimejaribu simu ya Mama Pacha, leo nimetoa sare tano. Imelia mpaka mteja akaniuliza ni nani huyo anayenipigia simpokelei.