Nimefuta neimspesi ya majaribio, diski ya data ikaondoka nayo. Nani aliamua "Delete" iwe difolti?!

Wakuu, sijalala tangu juzi, kwa hiyo mtanivumilia.

Tuna mfumo mdogo wa stoku kwa maduka matatu ya dawa. Kanzidata ni Postgres, inakaa kwenye klasta (kundi la kompyuta) ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye kundi hilo, tuliyokodi kwa kampuni moja ya klaudi ambayo siitaji, sitaki kesi. Tulianza kwenye neimspesi, yaani chumba kimoja ndani ya klasta, inayoitwa "majaribio". Wateja wakaupenda mfumo, wakaanza kuutumia kweli, na majaribio yakageuka kuwa kazi yenyewe. Mnajua inavyokuwaga. Baadaye tukafungua neimspesi mpya, tukahamishia programu zote. Kanzidata haikuhamishwa. Kila mmoja kwenye timu aliamini mwenzake ameihamisha.

Ijumaa saa tano usiku napunguza gharama, nikapiga amri ya kufuta neimspesi nzima, kubectl delete namespace majaribio. Podi, yaani programu zinazoendeshwa humo, zikaanza kuzimika moja moja. Simu ya kwanza kutoka dukani ilipoingia bado sikushtuka. Nilijiambia diski ni PersistentVolume (voliumu), jina lenyewe linasema kitu cha kudumu, tena voliumu haikai ndani ya neimspesi, ni mali ya klasta nzima. Na nimeshafuta StatefulSet, kile kinachosimamia podi za kanzidata, mara nyingi tu, data naikuta palepale.

Nikapiga kubectl get pv nione orodha ya voliumu. Mstari wa diski yetu ya 50Gi haupo. Nikaingia kwenye ukurasa wa kampuni, diski haipo huko pia.

Kwa ambaye bado hajaumwa na hili: voliumu kweli haikai kwenye neimspesi, ila PVC, yaani lile ombi la diski, linakaa humo. Ukifuta StatefulSet, ombi linabaki. Ukifuta neimspesi, ombi linakufa. Ombi likifa, Kubernetes inaangalia reclaimPolicy ya voliumu, yaani sera ya kuifanya nini ikiachwa, na kama StorageClass (maelezo ya aina ya diski) haikuandikwa kitu hapo, jibu ni Delete. Inafutwa voliumu, inafutwa na diski halisi kwa mwenye klaudi. Hakuna swali la "una uhakika?". Na wala si hitilafu, imeandikwa kwenye nyaraka zao kabisa! Hilo ndilo linaniuma. Kubernetes ni Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo. Mshika usukani gani huyo, abiria akishuka anamwaga na shehena baharini?

Nikawaandikia wahudumu wa klaudi. Jibu baada ya saa sita: "Ndugu mteja, mfumo umefanya kazi kama ulivyosanifiwa. Snepushoti (nakala ya diski) ni huduma ya ziada ambayo hukuiwasha." Basi. StorageClass hiyo sikuitengeneza mimi, nimeikuta imewekwa na wao. Mngeshindwa nini kuandika Retain, yaani diski ibakizwe? Diski iliyosahaulika inanila hela kidogo kila mwezi, naikuta kwenye bili, naifuta kwa mkono wangu. Iliyofutwa naipata wapi?

Kabla hamjaniuliza bakapu: ilikuwepo. Kila usiku pg_dump, amri ya kunakili kanzidata, inaandika kwenye PVC nyingine. Ndani ya neimspesi ileile. Haya, chekeni mmalize.

Jumamosi nikasema najenga upya kwa Retain. Kwanza StorageClass iliyopo haikubali kubadilishwa kipengele hicho, lazima uifute uiunde tena, na hata ukifanya hivyo voliumu za zamani zinabaki na sera yao ya zamani, unazibadilisha moja moja kwa kubectl patch. Sawa. Nikajaribu: nikafuta ombi, voliumu ikabaki, nikashangilia. Nikaandika ombi jipya, nikalitajia voliumu ile kwa jina. Pending, yaani linasubiri. Dakika arobaini Pending! Kumbe voliumu iko "Released", maana yake iko wazi lakini haipangishwi, kwa sababu claimRef, sehemu inayotaja ombi lenye voliumu, bado imeshika kitambulisho cha ombi lililokufa. Nyumba tupu, mkataba una jina la marehemu. Ukiifuta claimRef kwa mkono ndipo inakuwa "Available". Hivi mtu aliyepoteza data saa nane za usiku atayajua hayo?

Tulichookoa ni nakala niliyowahi kuishusha kwenye kompyuta yangu kwa bahati tu, ya siku 19 nyuma. Zilizobaki zinaingizwa upya kutoka vitabu vya risiti.

Mwenye sera ya klasta inayozuia kufuta neimspesi yenye PVC ndani yake aiweke hapa, nitashukuru. Wale wa "ungetumia kanzidata ya kulipia" nimeshawasikia, bosi wangu pia ameshawasikia, na bajeti ni ileile.

Dada wa duka la tatu amenitumia picha sasa hivi, ukurasa mzima wa risiti umemwagikiwa chai, ananiuliza hiyo ni amoxicillin 20 au 70. Ngoja nimpigie.