Shifti za usiku, pombe ya chumbani na upweke

Kutoka: Dada wa Leeds

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri kuhusu kaka mmoja tunaishi nyumba moja hapa Uingereza, jina simtaji. Alikuja 2024 kufanya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, baada ya kuanza ile sheria ya tarehe 11 Machi inayowazuia watu wa kea kuleta familia, kwa hiyo haruhusiwi kuleta mke wala watoto, wamebaki Morogoro. Anapiga shifti za usiku, akirudi asubuhi anafunga mapazia anakunywa mpaka usingizi umchukue. Zamani zilikuwa bia mbili tatu, sasa ni vodka, ile chupa ya 70cl haifiki siku tatu. Mkewe kanipigia mimi, anasema mumewe siku hizi hawashi kamera, anatuma voisi tu eti netiweki mbaya, na netiweki ya humu ndani ni hiyo hiyo natumia mimi na iko sawa kabisa. Chupa tupu anazitia kwenye begi la kazini anaenda kuzitupa mtaa wa pili. Kwa daktari hataki kusikia, anaamini wataambiwa kazini na viza itaondoka. Nimsaidieje jamani? Nimwambie amwage yote aache leo leo?

Kutoka: Nesi, Birmingham

Dada tafadhali sana usimwambie aache leo leo. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla mwili unamgeuka, anatetemeka, jasho, anaona vitu ambavyo havipo, wengine wanapata degedege na linaua kweli. Asikate ghafla, apunguze kidogo kidogo, huku mnamtafutia msaada. Hapa wanashauri mtu asizidishe uniti 14 kwa wiki (uniti ni kipimo cha pombe halisi iliyomo kwenye kinywaji), na chupa moja ya 70cl ya asilimia 40 ina uniti 28, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaani, hatakiwi kuonyesha karatasi za uhamiaji, na daktari hampigii mwajiri simu kumweleza habari za mgonjwa wake. Halmashauri nayo ina huduma ya bure ya watu wenye shida ya pombe, anapiga mwenyewe bila barua ya daktari. Huko ndiko wataamua kama anahitaji dawa za kumvusha zile siku za mwanzo pamoja na vitamini B1. Ila kama anaendesha gari ajue sheria inamtaka awaambie DVLA, wale wa leseni za udereva, bora ajue mapema. Na ukisikia anaongea maneno ya kufa usingoje kuche: piga 111, simu ya ushauri wa afya, kisha bonyeza 2, au Samaritans, wanaosikiliza watu waliokata tamaa, 116 123, bure saa 24. Akiwa hatarini pale pale ni 999, simu ya dharura.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Mwanangu mlete kanisani Jumapili tumuombee. Nimeona vijana wengi wamepotea hivi hivi, inaniuma sana.

Kutoka: Kaka wa Glasgow

Mzee wangu, maombi sipingi, mimi mwenyewe nasali, lakini tukimsimamisha mbele za watu Jumapili ya kwanza, ya pili hatumwoni tena. Nyumbani mtu alikuwa anakunywa mbele ya watu, mwenye baa anamjua anamkatalia kumkopesha, shemeji akipita anamwambia inatosha twende zetu, na kesho yake lazima akutane nao wote. Huku hakuna wa kukwambia inatosha. Unamaliza wiki nzima umeongea na wale wazee unaowahudumia tu, hakuna hata mmoja aliyekuuliza umekula nini. Na pombe yenyewe inadanganya, inakulaza haraka halafu unashtuka katikati ya usingizi moyo unakwenda mbio, huzuni imezidi, simu hupokei, hutaki kuonana na mtu, unafungua nyingine. Mwaka 2019 Uingereza nzima vifo vilivyotokana na pombe moja kwa moja vilikuwa 7,565, mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani vikafika 8,974, na 2023 vilikuwa 10,473. Milango ilishafunguliwa siku nyingi lakini idadi haikushuka.

Na sisi wanajumuiya tujiangalie. Ukitoa ibada, mikusanyiko yetu ni nyama choma na kreti za bia. Anayejaribu kuacha hawezi kuja huko, anayeona aibu haji kwenye ibada, sasa aende wapi? Hapa Glasgow tunataka kuanza mpira Jumamosi mchana na chai baadaye, mtu aje hata na nguo zake za kazi, na asipotokea wiki mbili mmoja wetu ampitie. Naomba kila mji ufikirie kitu cha namna hiyo.

Dada, kwa huyo kaka anza na chakula. Mgongee asubuhi anaporudi kabla hajafungua chupa, ugali na dagaa, siku ya kwanza pombe usiitaje kabisa. Muulize habari za watoto, mwache aongee.

Kutoka: Dada wa Leeds

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Kesho anatoka kazini saa mbili asubuhi na mimi nina ofu, dagaa ninao. Nesi nitakuandikia pembeni. Kuna mwanaume yeyote hapa Leeds mwenye nafasi Alhamisi? Nikimshawishi aende GP nataka asiende peke yake, na nadhani mbele ya mwanaume mwenzake atajieleza zaidi.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Alhamisi nipo huru, mwanangu, treni nalipa mwenyewe. Nitumie anwani. Ya kanisa nitayaacha kwanza.