Mjadala: Je, kila kaya ipewe hati ya shamba lake?

Mkulima wa Urambo: Ndugu zangu, mwaka 1923 mbunge mmoja wa Uskoti, Noel Skelton, alileta wazo la demokrasia ya wenye mali, akidai kwamba wananchi waliokwisha kupata kura wanahitaji pia kumiliki kitu. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Naomba kila kaya ipewe, kwa maana mkulima asiye na hati ni mpangaji tu, na mpangaji hathubutu kumpinga mwenyekiti mkutanoni.

Mzee wa Ujiji: Neno hilo "mpangaji" limeniuma. Nimetunza michikichi ya marehemu baba yangu kwa miaka 40, mipaka yake ni minyaa ambayo kila jirani anaijua, na sijawahi kumwogopa mwenyekiti yeyote. Uingereza nako, tangu mwaka 1980, wapangaji wa nyumba za halmashauri waliuziwa nyumba hizo kwa punguzo, na leo nyingi zinamilikiwa na watu wanaozipangisha. Hati ikiwekwa rehani, mvua ikakosekana, shamba litabaki kwa nani?

Mkulima wa Urambo: Shikamoo Mzee. Neno lile nalifuta, lakini minyaa hung'olewa usiku, na wewe ukiwa umekwisha kufariki, hakuna atakayewatolea ushahidi wajukuu zako.

Binti wa Kaliua: Mnabishana kuhusu mpangaji, nami nauliza kaya ni nani. Shamba letu liliandikwa jina la kaka yangu peke yake, ingawa mimi na mama ndio tuliopalilia tumbaku na kukesha kwenye bani, banda la kuikaushia, tukichochea moto. Kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi.

Mzee wa Ujiji: Binti yangu, mila haikunyimi chochote, kwa kuwa mwanamke hupata shamba kwa mumewe.

Binti wa Kaliua: Na akiachika, Mzee wangu, atarudi kulima wapi, ikiwa kwa baba ameandikwa kaka na kwa mume ameandikwa mume?

Mkulima wa Urambo: Dada, nakubali kwamba nilikosea kusema "kila kaya". Hati iandikwe majina mawili, la mume na la mke.

Binti wa Kaliua: Mimi sijaolewa, kaka. Katika majina hayo mawili, langu ni lipi?