"Meza" na "emmeeza": neno lilipita njia gani?

Mwanafunzi, Kampala
Ndugu zangu, nimekulia katika nyumba ya Waganda, na kila nikijifunza Kiswahili ninakutana na maneno niliyodhani ni ya kwetu: meza kwetu ni emmeeza, kitabu ni ekitabo, dirisha ni eddirisa. Je, Luganda iliyapokea kutoka Kiswahili, au kila lugha iliyachota kwa Waarabu kwa wakati wake?

Mwalimu, Masaka
Yalipita pwani kwanza, na neno ulilolitanguliza ndilo ushahidi bora. Meza si Kiarabu hata kidogo, bali ni mesa ya Kireno. Nao Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, hawakufika Buganda, kwa hiyo neno lao lililetwa huku na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, ambao walikuwa wameanza kufika katika miaka ya 1840, Kabaka Suuna wa Pili akitawala. Dirisha lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya mlango mdogo. "Sh" yake Luganda ikaifanya "s", kama ilivyofanya kwa shati, ambalo ni essaati.

Kitabu kinanifurahisha zaidi, ingawa hakithibitishi njia. Katika Kiarabu "ki" ni sehemu ya neno lenyewe na wingi wake ni kutub, lakini Waswahili waliichukua kuwa kiambishi cha ngeli wakasema vitabu, nasi tukasema ebitabo, jambo ambalo Luganda ingeweza kulifanya hata bila kufundishwa na mtu.

Mfanyabiashara, Jinja
Naongezea la mfukoni. Ensimbi, yaani pesa kwa Luganda, zilikuwa kauri, zile simbi za baharini zilizotumika kama sarafu, ilhali ssente ni senti ya Waingereza. Jirani zetu wa Tanzania wana hela, kutokana na sarafu ya Wajerumani iliyoitwa heller, iliyoanza kutumika huko mwaka 1904.

Mwanafunzi, Kampala
Ahsante sana, Mwalimu. Na boda boda je, nayo ilitoka pwani?

Mwalimu, Masaka
Hiyo ilisafiri kinyume, mwanangu. Ilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya Uganda na Kenya walitangaza safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Leo hata Mombasa, ilikotoka meza, watu hupanda boda boda.