Beseni moja, mikono arobaini: tupeane uzoefu

Kiboriloni_Juu (mleta mada)
Wakuu, habari za mchana. Jana nilikuwa msibani Kibosho. Tulipotoka kuzika tukapanga foleni ya chakula, na pale mlangoni pa turubai palikuwa na beseni moja tu juu ya stuli. Kila mtu anachovya mikono, anaikung'uta, anasogea kwenye ndizi. Ilipofika zamu yangu walishachovya kama arobaini hivi. Maji yamekuwa rangi ya udongo wa kaburini, juu yana utando wa mafuta. Na bomba lipo nyuma ya jikoni, linatoa maji vizuri kabisa! Niliona aibu kutoka kwenye mstari mbele ya wazee, nikachovya.

Usiku nikawa nakumbuka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Arusha, mwezi wa 3, na ndani ya wiki mbili kila duka, kila stendi, kila kanisa lilikuwa na ndoo ya koki na sabuni. Leo zile ndoo ziko wapi? Ya kwangu nimeikuta stoo, imejaa mahindi. Tupeane uzoefu, nini kimewahi kuwakuta kwa sababu ya mikono michafu?

Chalii_wa_Ngarenaro
Aisee, ya mtaani kwetu koki iliibiwa, kisha ndoo, kisha meza.

Ndizi_Mshare
Hilo beseni nalijua. Kwetu Machame zamani mtoto alizunguka na jagi, anamimina, maji yanaanguka kwenye bakuli, wewe unasugua. Maji ya mtu hayamgusi mwingine. Sijui nani alitufundisha kuchovya.

Mzee_wa_Old_Moshi
Vijana mnazidisha woga. Mbege tumekunywa kwa kata moja, inazunguka watu kumi, tangu baba zetu. Hatukufa.

Ndizi_Mshare
Shikamoo mzee wangu. Mila siipingi, ila kata ikizunguka na mmoja ana kikohozi cha mwezi mzima, anawakoholea wote mliobanana kwenye kile kibanda. Anayekohoa wiki mbili na zaidi akapime kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto pale Siha ipo kwa ajili hiyo, na dawa za TB ni bure.

Mzee_wa_Old_Moshi
Marahaba. La kikohozi nakubali. La kata bado.

Mama_wa_Pasua
Nimesoma hapo kwenye beseni mwili ukasisimka. Naandika kwa mara ya kwanza, mnivumilie ni ndefu.

Desemba moja tulipanda Rombo kwa Krismasi kama ilivyo kawaida yetu. Mwanangu alikuwa na miezi minane, ndiyo kwanza anatambaa, kila anachokiona anatia mdomoni. Nyumba imejaa ndugu, maji ya kununua kwa ndoo, choo kimoja, watu zaidi ya ishirini. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Mama mkwe akasema anaota meno, ni kawaida. Nikatulia. Siku ya nne ni maji matupu, na anatapika hata ziwa. Shangazi akamfungua kinywa, akapapasa ufizi kwa kidole ambacho alikuwa anamenyea viazi, akasema, "Haya ni meno ya plastiki. Asipong'olewa leo hafiki kesho."

Mtu wa kung'oa aliitwa. Nilimuona kwa macho yangu akitoa mfukoni spoku ya baiskeli iliyonolewa, akaifuta kwenye suruali. Mume wangu hayupo, amekwenda Tarakea. Wanawake wakubwa wote wamekaa pale, na mimi ni mke wa juzi. Sijui nguvu nilipata wapi. Nilimchukua mtoto, nikatoka na kanga niliyovaa, nikapanda bodaboda. Nyuma naitwa mkaidi.

Njiani mtoto analia lakini machozi hayatoki. Utosi umebonyea, ukiweka kidole unaingia. Hospitalini nesi alimvuta ngozi ya tumbo akaiachia, ikabaki imesimama. Wakatafuta mshipa mkononi, mguuni, wakaja kuupata kichwani. Saa nane za usiku akakojoa. Nesi akapiga makofi, mimi nikalia.

Asubuhi daktari akaniuliza taratibu: "Nani anambadilisha nepi?" Mimi. "Ukimaliza unafanya nini?" Nasuuza mikono. "Kwa sabuni?" Nikanyamaza. Tangu utotoni nilisikia kwamba choo cha mtoto anayenyonya si uchafu. Daktari akaniambia kina vimelea sawasawa na cha mtu mzima, na kwa mtoto anayeharisha ndiyo zaidi. Nilikuwa natoka kwenye nepi, nasuuza vidole kwenye beseni la vyombo, nakoroga uji wa lishe. Wiki nzima mkono uliomlisha ni huo huo.

Chalii_wa_Ngarenaro
Dah. Mama pole sana. Mtoto je?

Mama_wa_Pasua
Yuko darasa la pili. Anaimba akinawa.

Sakina_kwa_Iddi
Hapo kwenye spoku nimeacha kula.

Mti_Mkavu
Tusidharau ya wakubwa jamani. Mimi niling'olewa hayo meno ya plastiki, nina miaka 34 na afya tele.

Dada_wa_Majengo
Wewe uko hai. Mdogo wangu aling'olewa, ufizi ukatoka damu siku mbili, tukamzika. Usiandike hivyo hapa.

Mti_Mkavu
Samahani dada. Sikujua.

Nesi_mstaafu_Arusha
Mnisikilize wanangu. Hakuna meno ya plastiki. Kinachochimbuliwa pale ni mbegu ya jino la chonge ambalo bado halijaota, laini na jeupe, ndiyo maana linafanana na plastiki. Mtoto anaharisha kwa sababu ya vimelea, mnamtoboa ufizi kwa chuma kichafu, mnamwongezea vingine kwenye damu.

Akiharisha mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, someni pakiti inataka maji kiasi gani. Kama hamna pakiti: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Mpeni kidogokidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10 muanze tena polepole. Ziwa lisikatwe. Kituoni atapewa na zinki ya siku 10 hadi 14, mmalizie hata akipona. Damu kwenye choo, macho yamezama, au hawezi kunywa, hapo msingoje kuche. Na chanjo ya matone ya rota ipo kliniki tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10, msiiruke.

Bwana_Kahawa
Sisi tunampa soda iliyotolewa gesi, inafunga mara moja.

Nesi_mstaafu_Arusha
Soda ina sukari nyingi mno, inavuta maji kwenye utumbo, anaharisha zaidi. Acha, mwanangu.

Usa_River
Kingine, chemsheni maji. Ukichemsha hakuna baya linalobaki.

Tengeru_Sokoni
Vimelea vinakufa, floraidi, yale madini ya kwenye maji yetu, haiondoki. Sisi wa chini ya Meru tunachemsha tangu kuzaliwa na meno yetu ni ya kahawia. Pale Ngurdoto wanachuja kwa mkaa wa mifupa ndiyo inapungua. Msichanganye mambo mawili.

Usa_River
Nazungumzia kuhara mimi, si meno!

Tengeru_Sokoni
Uliandika "hakuna baya".

Mwalimu_wa_Longido
Kwetu maji ni ya kufuata na punda, kwa hiyo hili la bomba nyuma ya jikoni limeniuma. Watoto walikuja shule na matongotongo, nzi wamejaa usoni, wanatoka jicho la huyu kwenda la yule. Ndivyo ugonjwa wa vikope (trakoma) unavyosambaa, na nimeona bibi ambaye kope zimejikunja ndani zikakwaruza jicho mpaka akapofuka. Tulitengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita 5, tundu dogo karibu na mdomo, kamba mpaka kwenye kijiti chini, unakanyaga linainama. Hushiki kitu. Dumu moja lilinawisha darasa zima mikono na uso. Sabuni tuliitoboa tukaining'iniza, la sivyo mbuzi wanaila.

Sakina_kwa_Iddi
Na konda anayelamba kidole ndipo ahesabu chenji, naye aangaliwe.

Chalii_wa_Ngarenaro
Mimi nabeba kitakasa mikono mfukoni, nimemaliza.

Nesi_mstaafu_Arusha
Mkono ukiwa na tope au mafuta hakifanyi kazi vizuri. Tafuta maji na sabuni. Sabuni hamna, majivu.

Kiboriloni_Juu (mleta mada)
Nimewasoma wote. Mama wa Pasua, nilisoma mara mbili. Jumamosi tunaanua matanga pale pale Kibosho. Nimemwaga mahindi, nimeosha ile ndoo, na nimempigia mjomba anayeshughulikia jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nije nayo mapema, na beseni atalipeleka kwa ng'ombe.

Mama_wa_Pasua
Ubarikiwe kaka. Weka nyingine chooni, siyo pa chakula tu.

Kiboriloni_Juu (mleta mada)
Hiyo sikuifikiria. Natafuta ya pili.

Mzee_wa_Old_Moshi
Kuna ndoo kwangu, ina koki. Pitia Ijumaa.