Naomba ushauri: nikiuliza "mmeelewa?" najibiwa "ndiyo", kisha kazi inaharibika

Msimamizi wa Kurasini:
Habari za jioni, wanajamvi. Ninasimamia vijana katika ofisi ya uwakala wa forodha, ambako kosa la tarakimu moja kwenye namba ya kontena linatosha kuchelewesha mzigo bandarini na kumwongezea mteja gharama. Kila asubuhi nawaeleza kazi, kisha nauliza, "Mmeelewa?" Wote huitikia "Ndiyo, bosi", na ikifika mchana naletewa ankara ya mteja mwingine. Nikiuliza, "Kwa nini umefanya hivi?", mhusika huinamisha kichwa na kuomba radhi, na sababu siipati. Hata nyumbani ni hivyo hivyo: nikimpigia mama yangu Mbagala kumjulia hali, hujibu "Nzuri tu, mwanangu", halafu dada ananiambia kwamba presha ilipanda juzi. Niulizeje ili nijibiwe ukweli?

Karani Mstaafu:
Mkuu, swali la "mmeelewa?" lina jibu moja tu ambalo mdogo anaweza kumpa mkubwa wake bila kujiaibisha mbele ya wenzake, na ndilo hilo unalopewa. Liache kabisa. Mwite mmoja mmoja umuulize, "Kontena hili la vitenge utaanza na hati ipi, na namba yake utaihakiki kwa kuilinganisha na nini?" Akikwama, utajua amekwama wapi kabla mzigo haujakwama. Kisha nyamaza umsubiri, kwa sababu wakubwa wengi tunauliza na kujijibu wenyewe.

Wakili Mbishi:
Naongezea kutoka kwenye fani yangu. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, wakili anayemhoji shahidi wake mwenyewe kwa kawaida haruhusiwi kumuuliza maswali ya kuongoza, yaani yale yanayobeba jibu ndani yake, ingawa anapomhoji shahidi wa upande wa pili anaruhusiwa. Tahadhari hiyo ina msingi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi nchini Marekani filamu za ajali za magari: walioulizwa mwendo wa magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa, ilhali walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria karibu 32, na filamu zilikuwa zilezile. Kwa hiyo ukimwambia kijana, "Hukuhakiki namba, sivyo?", umekwisha kumwekea jibu mdomoni, na utalipata hata kama tatizo lilikuwa kwenye karatasi iliyotoka kwa mteja.

Dada wa Tandika:
Wakili ameeleza vizuri, ila mimi naona kero kubwa iko kwenye hilo "kwa nini umefanya". Taiichi Ohno wa Toyota alihimiza watu wa kiwandani waulize "kwa nini" mara tano mfululizo, lakini alitaka kufika kwenye chanzo cha hitilafu, si kumsaka wa kulaumiwa. Hebu uliza, "Ilikuwaje ankara za wateja wawili zikakaa kwenye jalada moja?" Huenda ukagundua kwamba majalada yenyewe hayatoshi, jambo ambalo kijana hawezi kukuambia akiwa anajitetea.

Msimamizi wa Kurasini:
Nawashukuru sana. Hilo la majalada nitalifuatilia kesho. Na mama je? Siwezi kumhoji kama shahidi.

Karani Mstaafu:
Mama anakujibu salamu, na kwa salamu "nzuri" ndilo jibu la kiungwana hata kwa mtu aliyelala hospitali. Salamu ziishe kwanza, ndipo uulize mambo madogo yenye jibu la kuonekana: jana usiku alilalaje, asubuhi amekula nini, vidonge vimebaki vingapi. Mwombe avihesabu ukiwa bado uko kwenye simu. Ila usimuulize wakati majirani wako barazani, maana mbele yao presha yake haitapanda kamwe.