Spika Mike Johnson: bunduki ikiua raia kosa ni la moyo, vita vikitaka silaha mabilioni yanapatikana

Wakuu, uzi huu ni mrefu na una hasira. Asiyependa povu apite tu, hatutalaumiana.

Naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Ninayemlalamikia ni Mike Johnson, mbunge wa Republican kutoka Louisiana na Spika wa Baraza la Wawakilishi. Ndoa yake hainihusu, kanisa lake halinihusu. Nataka tuweke mezani kauli zake na kura zake kuhusu mambo mawili tu, bunduki na vita. Ukiyatazama moja moja unaweza kusema huyu ni mhafidhina wa kawaida mwenye msimamo wake. Ukiyaweka pamoja ndipo unagundua kwamba tunachezewa shere.

Tarehe 25 Oktoba 2023, alasiri, Johnson alichaguliwa kuwa Spika kwa kura 220 kwa 209. Jioni ya siku hiyohiyo, kabla hata ya saa moja usiku, askari wa akiba wa jeshi la nchi kavu aliingia na bunduki kwenye ukumbi wa boling hapa kwetu, akaua, akatoka, akaendesha gari hadi kwenye baa moja akaua tena. Watu 18 walikufa na 13 wakajeruhiwa. Kwenye boling alikufa mtoto wa miaka 14 pamoja na baba yake. Waliokufa kwenye baa walikuwemo viziwi wanne waliokwenda zao kucheza na wenzao.

Kesho yake, muuaji hajapatikana bado, sisi tumejifungia ndani, Spika mpya akakaa na mtangazaji Sean Hannity wa Fox News. Akasema tatizo ni moyo wa binadamu, si bunduki. Akaongeza kwamba huo haukuwa wakati wa kuzungumzia sheria.

Haya, tuuangalie huo moyo, maana ulikuwa haujajificha hata kidogo. Mei 2023 familia ya yule mtu ilikwenda kutoa taarifa kwamba amebadilika, anaona kila mtu anamsema vibaya, na nyumbani ana bunduki za kutosha. Julai jeshi lenyewe likampeleka hospitali ya magonjwa ya akili huko New York, akalazwa kama wiki mbili. Septemba askari mwenzake akamwandikia mkubwa wao ujumbe wa simu kwamba anaamini jamaa atachanganyikiwa na kuua watu wengi kwa risasi. Polisi wakaenda kugonga mlango wake. Hakufungua. Wakaondoka. Familia ikaachiwa jukumu la kuzihifadhi bunduki zenyewe.

Kwa hiyo nani hakujua hali ya moyo wake? Ndugu walijua, jeshi lilijua, polisi walijua. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni na kusema: leta bunduki, utazichukua ukipona. Sheria ya Maine ya wakati ule ilitaka kwanza polisi wamshike mtu, halafu apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo jaji aingie. Na tume ya uchunguzi baadaye ikasema hata kwa sheria hiyohiyo polisi walikuwa na sababu za kutosha kuchukua hatua, ila hawakuchukua. Sawa, lawama yao wanayo na waibebe. Lakini mtu anayekaa Washington na kutuambia shida ni moyo atuambie basi, moyo ukishajulikana umeharibika, bunduki inabaki mkononi kwa hoja gani?

Swali hilo lilishaletwa mbele yake, na jibu lake liko kwenye kumbukumbu za Bunge. Mei 2022 watoto 19 na walimu wawili waliuawa shuleni Uvalde, Texas. Wiki mbili baadaye Baraza likapigia kura muswada wa kuruhusu mahakama za serikali kuu kumnyang'anya silaha kwa muda mtu aliyethibitika kuwa hatari. Warepublican watano walikubali. Johnson hakuwemo. Mwezi huohuo wa Juni ukaja muswada mwingine, mwepesi kabisa, uliokubaliwa na pande zote mbili kwenye Seneti: kuwachunguza kwa kina zaidi wanunuzi wa bunduki walio chini ya miaka 21, na fedha kwa ajili ya afya ya akili. Narudia, afya ya akili! Warepublican 14 wa Baraza waliupigia kura ya ndiyo. Johnson alipiga ya hapana. Mtu anayelia na mioyo ya watu aliletewa fedha za kuitibu akazikataa.

Niwape kidogo picha ya usiku ule, kwa sababu mji huu wengi hamuujui. Lewiston ina Wasomali wengi, na miaka ya karibuni wameongezeka Wakongo, Waangola, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili unakisikia dukani na kwenye basi. Simu zilipoanza kulia kwa tahadhari ya polisi kwamba tubaki ndani, kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alikuwa anauliza nani yuko wapi, nani yuko zamu. Mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, alituma ujumbe wa sauti, ananong'ona, anatuelekeza cha kufanya: zimeni taa, ondokeni karibu na madirisha, watoto walazeni ndani ya beseni la kuogea maana lile la chuma risasi haipiti kirahisi. Hakuna aliyemuuliza kajifunzia wapi. Tulikaa hivyo mpaka tarehe 27 usiku, mwili wa yule mtu ulipopatikana Lisbon, mji wa jirani. Kajipiga risasi mwenyewe.

Mbunge wetu wa wakati huo, Jared Golden, ni Democrat aliyepigana Iraq na Afghanistan akiwa mwanajeshi wa majini. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa Democrat watano tu waliopinga kupiga marufuku bunduki zinazofanana na za vitani. Tarehe 26 Oktoba, siku ileile Johnson anapiga porojo za moyo kwenye televisheni, Golden alisimama hapa Lewiston akasema alikosea, akaomba msamaha kwa wapiga kura wake, na akataka bunduki hizo zipigwe marufuku. Wapo waliomdhihaki kwamba kageuka kwa kuwa sasa limemfika nyumbani. Kweli limemfika nyumbani. Lakini aligeuka, tena hadharani, katika wilaya yenye wawindaji kibao ambako kauli ile ingeweza kumng'oa. Na kumbuka huyo ndiye aliyebeba silaha vitani. Johnson hajawahi kuvaa gwanda.

Sasa njooni kwenye vita.

Haukuwa wakati wa kuzungumzia sheria baada ya Lewiston, siyo? Tarehe 2 Novemba 2023, siku nane tu baada ya mauaji, Baraza chini ya Johnson lilipitisha dola bilioni 14.3 za msaada kwa Israeli. Siku nane! Wengine hapa tulikuwa bado tunakwenda mazishini.

Ukraine ndiyo sarakasi yenyewe. Mei 2022 alipinga msaada wa dola bilioni 40. Alipokuwa Spika aliukalia msaada mpya kwa miezi, watu wanakufa kwenye mahandaki wakisubiri mizinga. Aprili 2024 akageuka, akaupitisha wa karibu dola bilioni 61 kwa kura 311 kwa 112. Kwa kweli hapo sina ugomvi naye, alihatarisha kiti chake na wenzake walijaribu kumtoa. Ninachotaka mkisikilize ni hoja aliyoitoa. Alisema wazi kwamba ni afadhali apeleke risasi Ukraine kuliko kupeleka vijana wa Kimarekani, akamtaja na mwanawe anayekwenda chuo cha jeshi la majini.

Sasa hapo risasi zina kazi. Hapo hatuambiwi kwamba tatizo ni moyo wa Putin na silaha hazihusiki. Anaelewa vizuri kabisa kwamba mwenye silaha na asiye nayo hawalingani, na kwamba mwanawe mwenyewe anaweza kukingwa na uamuzi wa Bunge. Wa kwetu walikingwa na nini?

Halafu Iran. Juni 2025 ndege za Marekani zilipiga mitambo ya nyuklia ya Fordow, Natanz na Isfahan bila Bunge kupiga kura yoyote. Wabunge wawili, Thomas Massie wa Republican na Ro Khanna wa Democrat, walikuwa wameshaleta azimio la kutaka Bunge liamue. Johnson akajibu kwamba si wakati mwafaka wala si lazima. Siku chache baadaye akaenda mbali zaidi, akasema anakubaliana na wanaodai kwamba ile Sheria ya Mamlaka ya Vita ya mwaka 1973, inayomtaka rais alitaarifu Bunge ndani ya saa 48 na kuweka ukomo wa siku 60, inavunja Katiba. Sheria hiyo Bunge liliipitisha kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Nixon, baada ya Vietnam kula watoto wa watu. Leo Spika wa Bunge hilohilo anaikana.

Na huyu ni mwanasheria aliyejijengea jina kwa kesi za kikatiba! Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki silaha na yaliyoidhinishwa mwaka 1791, kwake hayaguswi hata kwa ncha ya kidole. Kifungu cha kwanza, sehemu ya nane, kinacholipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, kimeandikwa kwenye karatasi ileile, tena kabla ya hayo marekebisho. Hicho anakipisha kama hakioni. Raia akiwa na bunduki, Bunge lisimguse. Rais akiwa na mabomu, Bunge lisimguse pia. Sasa Bunge analoliongoza kazi yake ni ipi, kufungua kikao kwa sala?

Hapo ndipo najua nitashambuliwa, maana Watanzania wenzangu wengi wanasambaza video zake akinukuu Biblia, "angalieni kiongozi mcha Mungu". Wapendwa, muulizeni basi kuhusu sheria ile kubwa ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025. Tangu mwaka 1934 mtu akinunua kizuia sauti cha bunduki alilipa kodi ya dola 200. Baraza la Johnson lilitaka hata usajili wake ufutwe. Seneti ilipokwama kwenye kanuni, wakaishia kuishusha kodi hadi sifuri kuanzia Januari 2026, ndani ya sheria hiyohiyo iliyokata bima ya afya ya maskini. Kumbe sheria za bunduki wakati wake huwa unafika.

Sisi huku Novemba 2025 wapiga kura waliamua wenyewe kwa kura ya maoni: sasa Maine familia inaweza kwenda moja kwa moja kwa jaji kuomba ndugu yao mgonjwa aondolewe silaha. Louisiana haina sheria hiyo, na ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa vifo vya bunduki Marekani. Mama wa Shreveport, mji ulio kwenye wilaya ya Johnson, akimwona mwanawe anabadilika na kabati limejaa bunduki, mbunge wake amemwachia afanye nini?